DX na difu ya nyuma: ujenge ya asili, utafute ya AE86, au ukate ya Hilux?

Mtu aking'oa injini ya asili ya 4K kwenye Corolla DX akatia yenye pumzi zaidi, difu ya nyuma (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ndiyo inayofuata kulalamika. Hapo maneno huanza. Mmoja atakwambia jenga hiyohiyo yako. Wa pili atakwambia tafuta ya AE86, Corolla kupe ya miaka ya 1980, inaingia bila kelele. Wa tatu keshakupigia simu: ana ekseli ya Hilux imelala nyuma ya gereji Changamwe, njoo uichukue kabla haijauzwa vyuma chakavu. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja ana gari lake kichwani, na huenda si lako.

DX ninayoizungumzia ni KE70, Corolla ya kizazi cha E70 kilichotoka Japani mwaka 1979. Ndiyo Corolla ya mwisho ya saluni kusukumwa na magurudumu ya nyuma. E80 ya mwaka 1983 ilihamishia kazi mbele. Ekseli ya saluni inakaa juu ya springi za koili, inashikwa na mikono minne, na fimbo moja ya mshazari inaizuia isiyumbe kulia na kushoto. Wagoni yake ni habari nyingine, ina springi bapa zilizopangwa kama za pikapu. Wenye wagoni waikumbuke tofauti hii, maana itapindua ushauri huko chini.

Na asikucheke mtu kwamba unaharibu gari la watu. Escort RS1800 iliyompa Björn Waldegård na Hans Thorszelius ushindi wa Safari Rally mwaka 1977 haikuwa na ekseli ya Escort ya dukani. Timu ya Ford iliweka ile iitwayo Atlas, iliyokuwa kwenye Ford kubwa zaidi kama Capri ya lita 3.0. Kazi hii ina ukoo wa heshima.

## Vipimo vya kulinganishia

Kabla ya kuuliza bei, jibu maswali matano. Injini utakayokuwa nayo mwaka huu ni ipi (usinitajie ile unayoiota)? Ekseli inakaaje chini ya gari, kwa upana, mabano na stadi za kufungia rimu? Uwiano wa difu utakupa mzunguko gani wa injini ukiwa safarini? Breki zitakuwaje? Na la mwisho, ambalo watu hulidharau: hapa Mombasa ni nani atakayeifanya hiyo kazi, kwa spea zipi, chini ya gari ambalo chumvi imelikula kiasi gani? Gharama inafuata majibu hayo, haiyatangulii.

## Nguvu, na mahali panapokatika

Difu ya asili ilitengenezwa kwa injini za K. 4K ina sentimita 1290 za ujazo na haifiki farasi 80. Ukiiweka 5K ya 1486, difu haitashtuka. Hata 4A-FE au 5A-FE iliyotolewa kwenye Corolla 110 inaweza kuvumiliwa na difu hiyo muda mrefu, ikiwa dereva ana mguu wa adabu. Kinachoiua ni pigo la ghafla kuliko nguvu yenyewe: kuachia klachi kwa kishindo, au gurudumu linalozunguka bure kwenye mchanga wa pembeni halafu linauma lami. Barabara zetu za kushukia ufuoni, Nyali hadi Shanzu, zina mchanga huo kila kona.

Ekseli ya AE86 yenye injini ya 4A-GE ina krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) ya inchi 6.7, kama milimita 170, kubwa kuliko yako. Toyota waliiweka nyuma ya injini ya 1587 iliyohesabiwa Japani kuwa na farasi 130, kwa hiyo mzigo huo unajulikana. Corolla za TE71 zenye injini za T nazo zilikuwa na krauni ya kipimo hichohicho, na hizo watu huzisahau kuzitafuta. Kwa lita 1.6 isiyo na tabo (turbo), hapa umefika. Ukiweka 3S ya lita 2 ukaiendesha kwa hasira, au ukaongeza tabo, unaanza kuigusa mipaka yake.

Hilux, hasa za 4x4 tangu katikati ya miaka ya 1980, zina krauni ya inchi 8, kama milimita 203. Ilitengenezwa kubeba tani ya simiti na kupanda nayo. Chini ya gari jepesi kama DX, kuivunja ni kazi ya makusudi. Ila fahamu kwamba ukishaimarisha nyuma, unahamisha mahali pa kukatika: gia boksi ya K50 au T50, au krosi za propela (mhimili unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu), ndizo zitakazobeba pigo ambalo zamani difu ililimeza. Fundi asiyekutajia hilo anakuuzia ekseli tu.

Neno moja la usalama linahusu zote tatu. Katika ekseli hizi hafushafti, chuma kinachotoka kwenye difu hadi gurudumu, hailizungushi gurudumu tu, inalibeba pia. Ikikatika karibu na flenji, gurudumu linaondoka. Ndiyo maana mtu akikwambia ataikata hafushafti katikati na kuichomelea, mshukuru, lipa soda, ondoka. Hafushafti hufupishwa kwa kukatwa mwisho wake na kuchongwa upya meno, na chuma kikaangaliwa kama bado kina ugumu pale meno mapya yalipo. Ama hutengenezwa mpya.

## Inakaaje chini ya gari

Ya asili haina la kusema, iko nyumbani.

Ya AE86 inakaribia hivyo. AE86 ilijengwa juu ya msingi uleule wa E70, ndiyo maana mikono minne na fimbo ya mshazari vinapata mahali pake bila kuchomelea kitu. Stadi ni nne kwenye duara la milimita 114.3, sawa na zako, rimu hazibadiliki. Ni pana kidogo kuliko ya KE70, basi tairi lako likiwa tayari linanyemelea ukingo wa fenda, pima kwanza. Shusha uzi wenye nati kutoka ukingo wa fenda hadi chini, gari likiwa na abiria wawili nyuma, uone pengo lililobaki kati ya uzi na ubavu wa tairi. Watu hupima gari likiwa tupu halafu wanashangaa tairi linapokwaruza kwenye tuta la kwanza. Flenji ya propela nayo ilinganishwe kabla ya siku ya kazi. Matundu yakikataa, itatobolewa au itabadilishwa.

Ya Hilux ndiyo yenye habari ndefu. Ni pana mno kwa DX, kwa hiyo mirija ya pande zote mbili inakatwa. Haikatwi kwa kukisia: pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) lazima ielekee pale propela inapotoka, na upande mmoja unaweza kukatwa zaidi ya mwingine ili ikae hivyo. Mabano ya springi bapa yanaondolewa, yanachomelewa mabano ya koili, ya mikono minne na ya ile fimbo. Pembe ya pinioni nayo iwe sambamba na ya gia boksi, la sivyo gari litatetemeka kuanzia kilomita 80 na utabadilisha krosi kila msimu. Kila penye moto wa kuchomelea, chuma kinajikunja. Ekseli isiponyooshwa baadaye, beringi zitakufa mapema na oili sili zitavuja kwenye dramu. Hilux nyingi zina stadi sita kwenye duara la milimita 139.7. Kama hafushafti zinafanyiwa kazi, toboa flenji zake ziwe na stadi nne hukohuko. Ukitumia vipande vya kuongezea kati ya flenji na rimu, unarudisha upana uleule uliolipa kuukata.

Halafu kuna uzito. Ekseli ya Hilux ni nzito, na uzito huo hauko juu ya springi, uko chini yake. Kwenye lami laini ya Dongo Kundu hutausikia. Kwenye murram yenye makunyanzi, au matuta ya Mtwapa, mkia wa gari utarukaruka na shoka (shock absorber) za kawaida hazitautuliza.

## Uwiano: difu yako ni ngapi?

Hapa ndipo nionapo watu wengi wakiumia bila kujua. Difu nyingi za DX ni 3.9. Ya AE86 ya Japani huwa 4.3. Za Hilux ziko nyingi: 4.1, 4.3, 4.556, 4.875. Hesabu ni ya meno tu, ya krauni kwa ya pinioni: 43 kwa 10 ni 4.3, 41 kwa 9 ni 4.556, 39 kwa 8 ni 4.875. Namba ikipanda gari linaondoka kwa wepesi, lakini injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Hii hapa mizunguko ya injini kwa dakika ukiwa kilomita 100 kwa saa, tairi la 175/70 R13:

| Difu | Gia ya nne ya moja kwa moja | Gia ya tano ya T50 (0.86) |
|---|---|---|
| 3.9 | takriban 3,600 | takriban 3,100 |
| 4.1 | takriban 3,800 | takriban 3,250 |
| 4.3 | takriban 3,950 | takriban 3,400 |
| 4.556 | takriban 4,200 | takriban 3,600 |
| 4.875 | takriban 4,500 | takriban 3,850 |

Mwenye gia nne akitia difu ya 4.875, safari ya Malindi itakuwa kelele mtindo mmoja, na mafuta yataisha kabla ya Kilifi kumpendeza. Kwa injini ndogo inayopanda Mazeras na watu watano, 4.3 ni tamu. Kwa injini yenye tabo au lita 2.5, tafuta namba ndogo; 4.556 itakufanya ubadilishe gia kabla hujamaliza kukaa vizuri kitini.

Spidomita nayo itadanganya, kwa kuwa waya wake unatoka kwenye gia boksi na haujui umebadilisha nini nyuma. Kutoka 3.9 hadi 4.3, itaonyesha kama 110 ukiwa kwenye 100 ya kweli. Kuna gia ndogo ya plastiki inayobadilishwa. Usiache, askari hataki hesabu ya meno.

Usimwamini muuzaji kwa neno. Ekseli ikiwa bado kwenye gari, tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, weka nyutro, achia breki ya mkono, pandisha gurudumu moja tu la nyuma na uweke stendi. Tia alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi mara mbili kamili, mwenzako ahesabu propela imezunguka mara ngapi. Karibu nne na kidogo ni 4.1, nne na theluthi ni 4.3, nne na nusu na ushei ni 4.556. Tairi likikataa kuzunguka, ama ile difu ni ya kubana pande zote mbili kutoka kiwandani, na hiyo ni bahati, ama kuna kijana aliyezichomelea gia za ndani ili ateleze na gari kwenye kiwanja. Hiyo ya pili muachie mwenyewe.

## Breki

Ukibaki na ya asili, dramu zako zinatosha injini ya asili. Ukiongeza injini bila kugusa breki, umefanya nusu ya kazi, na ni ile nusu mbaya.

AE86 zenye 4A-GE zilikuja na diski nyuma. Ni faida, ila waya wa breki ya mkono ni tofauti, na kalipa zilizolala kwenye stoo yenye hewa ya bahari hukwama pistoni. Zifunguliwe zote kabla hazijapanda garini.

Dramu za Hilux ni kubwa, na wengi hudhani kubwa ni bora. DX ni nyepesi nyuma. Breki kubwa kwenye mkia mwepesi hufunga magurudumu ya nyuma kabla ya yale ya mbele, na mvua ya Mei kwenye daraja la Nyali si mahali pa kugundua hilo. Tia silinda ndogo za magurudumu au valvu ya kupunguza nguvu ya nyuma, kisha ujaribu mahali patupu, barabara ikiwa na maji, mwendo mdogo. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, watataka kuona breki ya mkono inashika kweli. Waya wa Hilux kwenye mkono wa DX hauji peke yake. Na kampuni ya bima iambiwe mapema, si siku ya ajali.

## Chumvi, maji na soko la hapa

Hiki ndicho kipimo ambacho mtu wa Nairobi hatakiweka kwenye orodha yake. Gari lililokaa Mombasa miaka arobaini halina chesi ya miaka arobaini. Lina chesi ya chumvi. Kabla ya kununua ekseli yoyote, lala chini ya gari na bisibisi nene, gongagonga pale mikono ya chini inapoingia kwenye bodi, mbele ya ekseli, na pale ile fimbo ya mshazari inapofungwa. Sauti ikiwa kavu na kali, vema. Ikiwa nzito, au bisibisi ikazama, pesa yako ya kwanza ni ya bati na fundi wa bodi. Ekseli imara haiponyi bodi iliyooza, inaing'oa kwa haraka zaidi. Kwa jambo hili mwenye difu ya asili ana nafuu kuliko wote, kwa sababu nguvu inayopita pale haijaongezeka.

Maji nayo. Mitaa ikifurika, ekseli yenye joto ikizama ghafla, hewa ya ndani inapoa na kunywea, na kipumuo kilichoziba kinaifanya ivute maji kupitia sili. Fungua nati ya mafuta: yakitoka kama chai ya maziwa, yamwagwe siku hiyohiyo. Tia mpira mrefu kwenye kipumuo uupandishe hadi karibu na buti. Hii ni kazi ya asubuhi moja, na inafaa kwa ekseli zote tatu.

Sasa soko. Beringi na sili za difu ya asili si tabu. Krauni na pinioni nzima iliyo nzuri ndiyo tabu, nyingi zimeshachoka. AE86 ilitengenezwa 1983 hadi 1987, na dunia nzima inaigombania. Magari yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo AE86 nzima huitarajii ishuke Kilindini. Ekseli yake huja kama spea kuukuu, au hutoka kwa mtu aliyenayo tayari, na mtu huyo anajua anachokishika. Hilux hazina shida hiyo, ziko kila mtaa, na kichwa cha difu kinatoka mbele kizima ukahesabu meno kwa macho yako. Rahisi kuinunua, ghali kuikalisha. Fundi wa kukereza na fundi wa kuchomelea watakula kuliko ekseli yenyewe, na wawe wale wanaopima kwanza.

Ukienda kununua, yoyote iwayo, shika flenji ya pinioni uitikise juu na chini: isicheze kabisa. Izungushe kulia na kushoto: icheze kidogo. Angalia mafuta ya chini. Unga laini wa kijivu ni uzee wa kawaida, vipande vya chuma ni meno.

## Basi nani achukue ipi

Kama DX yako ina 4K au 5K, au una 5A-FE na gari ni la kwenda kazini na Jumapili Diani kupitia feri, jenga ya asili. Beringi mpya, sili mpya, shimu zipangwe na fundi anayejua kusoma alama ya meno kwa rangi, mafuta ya GL-5 ya 80W-90, na uyabadilishe tena baada ya kilomita 1,000 za kwanza. Si jambo la kujisifia barazani, lakini litakufikisha.

Kama ni saluni na una 4A-GE au 4A-FE iliyopigwa msasa, na unataka gari libaki na umbo lake ili kesho ukiamua kurudisha urudishe, subiri ya AE86 au TE71. Kusubiri ni sehemu ya bei. Kama huna subira, usijidanganye kwa kununua iliyochoka kwa bei ya nzima.

Kama una 3S yenye tabo, 1JZ, au una nia ya kukimbia kwenye vumbi ambako gurudumu linaruka na kutua likiwa linazunguka, Hilux. Lakini uihesabu pamoja na gia boksi, propela, breki, shoka na bodi. Aliyeweza kulipia ekseli pekee bado hajaweza.

Kama ni wagoni, geuza yote niliyosema kuhusu urahisi. Mabano ya koili ya AE86 hayana kazi kwako, itabidi yakatwe na kuwekwa ya springi bapa. Ya Hilux tayari ilizoea springi bapa. Bado itafupishwa na mabano yake yasogezwe, lakini nusu ya uchomeleaji imeondoka. Mwenye wagoni ya kubebea mzigo Kongowea alfajiri, hata akiwa na injini ya kawaida, anaweza kuwa na sababu ya kweli ya Hilux kuliko kijana wa saluni mwenye kelele.

Na kama bado hujaamua injini, usinunue ekseli. Gongagonga chesi kwanza, hesabu difu uliyonayo kwa chaki, na hiyo ya asili utakayoitoa usiiuze mpaka mpya imemaliza mvua moja chini ya gari.